Rangi Aliyoificha Mke Mwenza

Ndoa yangu nusura ife kwa mdomo wa shangazi. Watu wa mtaa wetu wa Waswahili pale Rumonge, wale waliokuwapo miaka ya vita, wakinisikia naanza hadithi hii huwa wanacheka kabla sijafika popote. Wao walikuwa watazamaji. Mimi ndiye niliyekuwa mchumba.

Wazee wa upande wa mume walikuja alasiri, wakakaa mkekani, na mambo yakaenda vizuri kuliko tulivyotegemea. Mahari ilikubalika bila kelele, kwa sababu wakati wa vita hakuna mwenye nguvu ya kubishania mbuzi. Harusi ikapangwa iwe kabla ya Ramadhani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikiliza, roho yangu kwatu, maana yule kijana nilimpenda na sioni haya kusema. Ndipo bibi yake akaomba neno.

Bibi huyo ndiye aliyemlea mchumba wangu tangu mama yake afariki. Alikuwa mdogo wa mwili, mkavu, na sauti yake ilikuwa ya chini mpaka ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie. Akasema kwao bi harusi haingii ndani bila shanga za kiunoni. Ziwe nyekundu, ziwe za kioo, si plastiki, zitoke kwao bi harusi, na yeye mwenyewe ndiye atakayezifunga. Zake yeye zilikatika alipokuwa akikimbia risasi kwenye mashamba ya michikichi, zikamwagika zote majanini, na hakuna mtu anayeinama kuokota shanga huku anapigwa risasi. Ilibaki punje moja, ilinasa kwenye kanga. Akafungua pindo akaionyesha. Ilikuwa na wekundu wa mawese yakiwa bado jikoni, kabla hayajapoa yakageuka rangi ya chungwa.

Wanaume wakatazamana. Barabara ya kwenda Bujumbura wiki hii ilikuwa wazi, wiki ijayo imefungwa. Magari yalikuwa yakiviziwa mara Gitaza, mara Kabezi, na mfanyabiashara aliyethubutu kupita alibeba chumvi na dawa. Nani angehatarisha shingo yake kwa ajili ya shanga za kiuno? Sokoni kwetu zilikuwapo za plastiki tu. Bibi alikuwa keshazijua, kwani alikuwa na dawa yake: anauma punje kwa meno, kisha anaipitisha kwenye moto wa kiberiti.

Shangazi yangu alikuwa amenyamaza muda mrefu kwa kipimo chake. Ulimi hauna mfupa. Akasema, "Shanga tu? Hizo mimi natengeneza mwenyewe, hapa hapa uani."

Bibi alimtazama. Kisha akaifunga ile punje kwenye kipande cha kitambaa, akampa shangazi iwe mfano wa rangi, na akasema neno moja: irudi.

Wageni walipoondoka nilitoka nyuma ya pazia. Ni kweli shangazi alijua kutengeneza shanga. Marehemu mume wake alikuwa mfanyabiashara wa kwenda Kongo na kurudi, na katika safari zake alioa mke wa pili, mama mmoja wa asili ya Ghana, akamleta Bujumbura wakakaa naye nyumba moja huko Buyenzi. Mama huyo alikuwa akitwanga chupa mpaka zinakuwa unga, anatia unga kwenye vikalibu vya udongo, anachoma, zinatoka shanga. Shangazi alikaa naye miaka, akaona, akajifunza. Shanga za kijani zatoka kwenye chupa za bia. Za kahawia, chupa za bia pia, za aina nyingine. Za bluu, zile chupa za dawa ya tumbo. Nikamuuliza, na nyekundu? Akaanza kukunja mkeka.

Nyekundu hakuijua. Kila siku ya kuchoma nyekundu, mke mwenza alikuwa akimtuma sokoni, na sokoni kwenyewe si karibu. Akirudi, shanga zimeshapoa.

Nikamwambia basi hujui. Akasema anajua zote isipokuwa hiyo. Nikamwambia hiyo ndiyo wanayoitaka. Akaniambia msichana anayekaribia kuolewa hapandishi sauti, inaharibu ngozi.

Mchumba wangu nilimweleza ukweli siku iliyofuata. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukamua mawese, akaja na mikono yake ya mafuta, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunidanganya. Alisema yule bibi ndiye baba na mama yake, na hawezi kuoa bila mkono wake. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi. Basi maji tulikuwa tumeshayavulia nguo, ikabidi tuyaoge.

Tukaanza na chupa. Shangazi alichukua kinu chetu cha kutwangia isombe, akatumbukiza vioo, akafunga kitambaa puani, akaanza kutwanga saa nne asubuhi, kila mtu akisikia. Sasa mlio wa chupa ndani ya kinu si mlio wa majani ya muhogo. Majirani wakachungulia uani. Wakaona mwanamke aliyejifunga uso anachekecha unga wa kioo kwa mtandio. Na kioo kilichosagwa, kila mtu anajua, ndicho wachawi wasio na uchawi wanachowatilia watu kwenye chakula.

Kufikia jioni hakuna aliyekuja kuazima kinu. Kesho yake nilipeleka sahani ya wali kwa jirani kama kawaida yetu, ikapokelewa kwa murakoze nyingi, asante juu ya asante, na kabla sijafika mlangoni nilisikia mbwa anaitwa aje kula. Shangazi hakujali. Alisema angalau sasa tutakula wali wetu wenyewe.

Siku ya tatu akaja kaporali kutoka kwenye kambi ndogo ya askari pale juu ya barabara, na askari wawili nyuma yake. Wakati ule askari hawaingii uani kwako kwa heri. Kaporali akasema amahoro, tukajibu amahoro, akachungulia kinuni akauliza ule unga ni wa kumuulia nani. Shangazi akamwambia ni wa kiuno cha huyu binti. Kaporali hakuelewa. Basi shangazi akavuta kigoda, akaanza kumfundisha kazi ya shanga kiunoni kwa mke, tangu mwanzo, bila kuruka hatua, na wale askari wawili wakiwa wamesimama pale pale. Mimi niliingia ndani. Nilimsikia kaporali akikohoa, kisha akikohoa tena, kisha akisema, "Mama, inatosha. Nimesikia."

Jioni alirudi peke yake, amebeba chupa mbili za dawa ya tumbo zile za bluu. Alikuwa na mke huko kwao milimani, alisema. Hakujua kipimo cha kiuno chake, akavua mkanda wa bunduki, akaushika mahali fulani, akafikiri, akasogeza vidole mbele kidogo, akafikiri tena, akarudisha nyuma. Sijawahi kuona mwanamume amefikiri hivyo. Toka siku hiyo majirani wakatulia, maana kama kaporali anaingia na kutoka na hafi, basi unga ule si wa kuua.

Tanuri lilikuwa nusu ya pipa, limekandikwa udongo ndani, na mlango wa chini wa kupepelea. Vikalibu vilikuwa vya udongo pia, vina vishimo vishimo. Katika kila kishimo unajaza unga, halafu katikati unasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Kijiti kinaungua, kinaacha tundu la kupitisha uzi. Hapo nilimheshimu yule mke mwenza ingawa simjui. Kazi ni safi.

Rangi ndiyo iliyotutesa. Mara ya kwanza shangazi alichanganya unga wa chupa nyeupe na unga wa matofali. Tukatia makaa, tukapepea mpaka mikono ikafa ganzi. Akafunua. Jamani, kule ndani kulikuwa na shanga nyekundu zinawaka, wekundu ambao hata yule bibi hajauota. Shangazi akapiga vigelegele. Majirani wakaruka ukuta wakapiga vyao. Mimi nilikuwa nalia, na mchumba wangu, ambaye alipitia akitoka kazini, alitumwa hapo hapo akimbie kwa bibi yake ampe habari kwamba shanga ziko tayari. Alikimbia kweli kweli. Alipokuwa anarudi, anahema, uso wote meno, tulikuwa tumeshazitoa na zimepoa. Zilikuwa na rangi ya matope.

Hakuna aliyetuambia kwamba kioo chochote kikiwa motoni ni chekundu. Chupa ya bia ingekuwa nyekundu. Hata kichwa cha shangazi kingekuwa chekundu.

Mchumba wangu akarudi tena kwa bibi, safari hii akitembea. Bibi, alituambia baadaye, aliuliza tu punje yake kama iko salama.

Sasa kijana wa watu akaingiwa na homa ya kutafuta. Kila kitu chekundu kilichokuwa Rumonge alikileta. Alileta mfuniko wa ndoo. Alileta vipande vya taa za nyuma za basi moja lililochomwa barabarani, akasema kioo hiki, angalia kinavyong'aa. Hakikuwa kioo. Tulipokitia motoni kiliyeyuka kikalia, moshi wake ukafukuza kuku, na jirani yetu mmoja mwenye pumu alihamia kwa dada yake kwa siku kadhaa. Nilimwambia mchumba wangu kwa heshima zote kwamba nampenda, lakini asilete tena kitu.

Halafu ikaja ile ya mawese. Hii nawaambia ni kosa la watu wa Rumonge peke yao, mtu wa kwingine hawezi kulikosea. Kwetu mawese ndiyo dawa, ndiyo mboga, ndiyo taa, ndiyo mafuta ya mtoto. Shangazi akafikiri hivi: rangi inayotakiwa ni ya mawese, basi mbona tunahangaika? Akakanda unga wa kioo na mawese, akaujaza kwenye vikalibu. Mtaa mzima ukanukia maandazi. Watoto wakaja na sahani. Shanga zilitoka nyeusi tititi, zinanuka jiko.

Ramadhani ilikuwa inakaribia. Nilikuwa silali. Nikafanya jambo bila ruhusa: nilimwomba dereva mmoja wa lori, siku magari yalipokuwa yanakwenda Bujumbura kwa msafara wa askari, apite Buyenzi amuulize yule mke mwenza siri ya nyekundu. Dereva alirudi salama, na jibu. Mke mwenza alisema siri anayo na atanipa, ila shangazi yangu amsalimie kwanza.

Nilimfikishia shangazi. Aliuliza salamu ya namna gani. Nikamwambia salamu tu, asalamu alaikum, hujambo, basi. Akasema afadhali aoke matofali maisha yake yote.

Lakini kutajwa kwa mwenzake kulimkumbusha kitu. Siku za nyekundu, alisema, mule ndani kulikuwa kunapotea waya. Mume alikuwa akilalamika: waya wa redio uko wapi, waya wa pasi uko wapi. Nikamwambia shangazi, miaka yote hiyo hukufikiri? Akasema alikuwa anafurahi mwenzake anavyogombezwa, hakuwa na nafasi ya kufikiri.

Basi nikabatilisha amri yangu, mchumba akaruhusiwa kuleta kitu kimoja. Alileta shaba, nyaya za mota iliyokufa pale kwenye mashine ya mawese. Tukaichoma shaba mpaka ikaota magamba meusi, tukayakwangua, tukayatwanga, tukachanganya kidogo na unga wa kioo. Safari hii hatukupiga vigelegele. Tulisubiri zipoe. Zilitoka rangi ya ziwa asubuhi, kati ya bluu na kijani, nzuri mpaka tukasahau kukasirika. Kaporali alipoziona alisema hizo ndizo za mke wake, akazichukua, akaondoka amezishika kifuani.

Lakini nyekundu hapana. Na hapo ndipo shangazi akapata akili yake nyingine. Akasema tatizo letu ni macho. Motoni kila kitu ni chekundu, kwa hiyo hatujui wakati wa kutoa. Dawa ni kuiweka punje ya bibi mule mule tanurini, kando ya zetu. Zetu zikifanana na yake, tunatoa.

Nikamwambia hapana. Nilimwambia hapana kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa kile Kifaransa changu cha shule. Kisha nikaenda ziwani kufua. Niliporudi tanuri lilikuwa linafuka, na shangazi amekaa kando yake amejishika kiuno, na sura yake nikaijua.

Punje ya bibi ilitoka nyeusi yenye ukijani, imebonyea upande mmoja, imekaa kati ya zetu, nazo nyeusi vile vile. Niliichukua nikaiweka kiganjani. Yule bibi alikimbia risasi na nyumba ikateketea nyuma yake, na kitu pekee kilichobaki kwenye mwili wake sisi tumekipika. Nililia kwa hasira mpaka sauti ikakatika. Nikamwambia shangazi maneno ambayo binti hamwambii dada wa baba yake. Nikamwambia mke mwenza wake alifanya vizuri kumficha, mimi pia ningemficha, ningemficha hata chumvi.

Nilitegemea anirukie. Hakunirukia. Alikaa chini kwenye majivu.

"Mimi ndiye nilianza," akasema. "Zamu zake nilikuwa naziiba. Mume akiwa kwake, mimi najifanya niko na homa."

Kisha akaomba kalamu, akakumbuka hajui kuandika, akaniambia basi mwambie yule dereva anisalimie yule mwanamke. Nikauliza amwambie nini. Akafikiri muda mrefu. "Aseme nimemsalimia," akasema.

Salamu ikapelekwa, na nyuma yake barabara ikafungwa. Nilijua ndoa imekwisha. Kilichobaki ni kwenda kwa bibi kumwonyesha ile punje nyeusi, na nilikuwa natafuta ujasiri na siuoni. Shangazi akasema kabla ya kwenda tuchome mara ya mwisho. Unga wa shaba tuliubakiza kidogo. Na punje ya bibi akairudisha kwenye kikalibu pamoja na zingine, akaichomeka kijiti kipya. Alisema moto ndio ulioiharibu, na moto uitengeneze. Sikubishana. Sikuwa na punje nyingine ya kupoteza.

Makaa hayakuwapo. Wachoma makaa wa upande wa Bugarama walikuwa wameacha kupanda mlimani, kulikuwa na watu wenye bunduki. Mchumba wangu akaleta magunia ya maganda ya mise, yale maganda magumu ya kokwa za michikichi yanayobaki baada ya kukamua. Yanawaka kwa ukali kuliko makaa, lakini yana mafuta, na moshi wake ni mweusi unapanda kama mnara. Tulikuwa tumepepea mpaka shanga zimeyeyuka vizuri, nami nimetumbukiza maganda zaidi, ndipo tukasikia risasi mlimani. Kisha karibu. Kisha mizinga.

Mtaa ukaanza kukimbia kuelekea ziwani. Na sisi uani tuna moshi unaoonekana mpaka Kongo. Majirani wanapita wanatupigia kelele tuzime, tutawauza wote. Maji ya kumwagia hayakutosha, na shangazi alisema ukimwagia maji kioo cha moto kitaruka vipande. Akakamata magunia yaliyokuwa yamelowa, akayabwaga juu ya pipa. Mimi nikaziba mlango wa chini kwa udongo. Tukakandika kila palipofuka, kwa viganja, tunaungua tunapuliza vidole, mpaka moshi ukasimama. Kisha tukakimbia na udongo mikononi.

Tulilala ufukweni kati ya vitanga vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, na sitaeleza usiku ule. Asubuhi kukawa kimya. Watu wakarudi, kila mtu akitembea kwa upole na kuangalia nyumba yake kutoka mbali. Yetu ilikuwapo. Shangazi hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akabandua udongo, akainua gunia, akatoa kikalibu kilichopoa kabisa, chenye masizi. Akageuza shanga mkononi. Nyeusi zote. Akazifuta kwa kanga.

Zilikuwa nyekundu.

Sikuamini. Nilisema tusubiri. Tuliziweka juu ya kigoda, juani, tukakaa kuzilinda zisigeuke. Mchumba wangu alikuja mbio kuangalia kama tuko hai, akatukuta wanawake wawili wachafu tumekodolea kigoda macho, akakaa na yeye. Jua likapanda. Hazikugeuka. Wekundu ule ule, wa mawese yakiwa jikoni, zote, pamoja na ile ya bibi. Hapo ndipo tulipoona msiba mwingine: ile ya bibi ilikuwa imeyeyuka ikachukua umbo la kikalibu. Hakuna aliyeweza kusema ni ipi.

Shangazi akazitunga zote kwenye uzi mmoja.

Tulikwenda kwa bibi watu watatu, mimi nimejifunika buibui, kwa kuwa sikupaswa kwenda na nilikwenda. Bibi alipokea shanga kwa mikono miwili. Akauma punje. Akawasha kiberiti akapitisha. Akazishika juu ya mwanga wa mlango, muda mrefu, na mimi nahesabu pumzi zangu. Kisha akauliza, "Na yangu iko wapi?"

Mchumba wangu alitazama miguu yake. Shangazi, Mungu amrehemu, hakupepesa.

"Iko humo," akasema. "Tumeitunga na wenzake."

Bibi akaanza kuzipitisha kwenye vidole, moja moja, macho yamefumba. Alifika katikati akasimama. Akarudi nyuma moja. Akasema ni hii. Shangazi akasema ndiyo hiyo, mama, umeijua. Mpaka leo sijui kama ilikuwa hiyo, na shangazi alikufa anasema ilikuwa hiyo.

Kisha bibi akasimama, akamwambia mjukuu wake atoke nje. Nikajua sasa anafunga, nikavua buibui nikasogea mbele, nikainua mikono ili asipate taabu. Bibi akanipita. Akaenda pembeni, akatupa mgongo, akalegeza kanga yake, akazizungusha shanga kwenye kiuno chake mwenyewe. Alikuwa mwembamba mno, zikamzunguka mara mbili na zikabaki. Akapiga fundo kwa meno.

Shangazi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakuna kilichotoka. Mimi nilikuwa bado nimeinua mikono.

"Bibi," nikasema, "na mimi?"

"Wewe bado iko na wakati," akasema. "Barabara itafunguka, bwana yako atakununulia Buja." Akarekebisha kanga. "Mimi nilikimbia nikafika kiuno kitupu. Sitaki kuzikwa hivyo."

Baadaye wajomba wa mume wangu waliniambia hawajapata kusikia desturi hiyo katika ukoo wao. Na jibu la mke mwenza lilifika baada ya harusi, barabara ilipofunguka: tanuri lifunikwe, kioo kisipumue. Aliongeza kwamba anamsalimia shangazi pia. Lakini siku ile sikuwa najua lolote kati ya hayo. Nilikuwa na hasira, nilitaka kulia, nilitaka kucheka, na yule bibi alikuwa amenishika mkono na kusema, "Ingia, mwanangu, uone chumba chako."

Akatangulia yeye kunionyesha njia. Chini ya kanga shanga ziligongana kila alipopiga hatua, na ukumbini alipunguza mwendo, akawa anatembea polepole kuliko miguu yake ilivyohitaji, akijisikiliza.